Nyekundu Ilienda Wapi

Mayala alivunjika mguu akiwafundisha watu soko huria.

Hivyo ndivyo alivyopenda kulisimulia jambo hilo, kwa kuwa alijua asipolisimulia yeye watalisimulia wengine, tena vibaya zaidi. Ilikuwa miaka ile ambapo ushirika wa pamba ulikuwa umebaki ghala na kufuli, na wanunuzi binafsi walikuwa wakileta malori yao mpaka vijijini. Lori la kwanza lilipofika kijijini kwao, upande wa Lagangabilili, Mayala alipanda juu ya shehena pamoja na vijana waliokuwa wakishindilia pamba kwa miguu. Hakuna aliyemwita. Alipofika juu akaona kijiji kizima kiko chini kinamtazama, na kwa mtu kama yeye hilo halikuwa jambo la kuliacha lipite bure. Akaanza kuhutubia. Akasema zamani mkulima alikaa akingoja bei kama ng'ombe anayengoja kufunguliwa zizini, lakini sasa mkulima anasimama mwenyewe. Aliposema "anasimama mwenyewe" akapiga hatua mbele, na huko mbele pamba ilikuwa imekwisha.

"Nilisimama mwenyewe kwa muda mfupi," alikuwa akisema. "Halafu nikalala mwenyewe kwa muda mrefu."

Ulivunjika muundi wa mguu wa kulia, mifupa yote miwili. Mfungaji mifupa wa kijijini aliufunga kwa vipande vya mti na kamba. Ulipovimba wakampeleka hospitali, akafungwa plasta. Plasta ikafunguliwa, mfupa mwembamba umeunga, ule mkubwa haujaunga. Akafungwa tena, ikafunguliwa tena. Mvua zikaja, watu wakapanda, wakapalilia, na mguu wa Mayala bado ulikuwa ukipinda mahali ambapo mguu wa binadamu haupaswi kupinda. Hospitali wakasema kilichobaki ni kwenda Mwanza kuwekewa chuma. Mayala na mkewe Felisita walielewa maana yake bila kuelezwa. Chuma kilimaanisha kuuza ng'ombe wa kulimia, na bila ng'ombe wa kulimia mguu uliopona ungekuwa na kazi moja tu, kuzunguka kuomba chakula.

Msimu huo Felisita ndiye aliyeshika jembe la ng'ombe. Wapita njia walikuwa wakisimama kwenye ukingo wa shamba, wanamsalimia kwa heshima, "Mwadila, mayu," halafu wanauliza mwenye nyumba yuko wapi, ilhali walimwona amekaa kivulini akiwaelekeza ng'ombe kwa sauti.

"Yule pale," Felisita alikuwa akijibu. "Analima kwa mdomo."

*

Habari za Daktari Januarius zilikuja kwa watu wa pikapu zilizobeba abiria wa Bariadi. Alikuwa daktari wa mifupa kutoka Mwanza, na siku moja katika mwezi alikuja kutibu kwenye kliniki ya binafsi iliyofunguliwa mjini Bariadi, nyuma ya maduka. Ilisemekana ana namna ya kuuamsha mfupa uliolala kwa kutumia damu ya mgonjwa mwenyewe.

Mayala hakupenda neno damu. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mwenye hadithi za mumiani kijijini, watu wa mjini wanaonyonya damu za watu na kuziuza, na alikuwa amezisimulia vizuri kiasi kwamba mwenyewe alishaziamini. Felisita akamwambia kwamba mumiani yeyote atakayemkuta atamrudisha mwenyewe kabla ya jioni. Wakaenda.

Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Aliishika picha ya mguu juu ya dirisha, akaitazama kwa muda, kisha akawaeleza kama anavyoeleza mtu asiye na haraka ya kusifiwa.

"Damu ina chembe ndogo sana, kazi yake ni kukimbilia mahali palipoumia. Zinagandisha damu, halafu zinaita nyingine zije kujenga. Hapa kwako ujenzi umesimama. Tutatoa damu yako kidogo, tutaizungusha kwenye mashine mpaka hizo chembe zijitenge, halafu nitazichoma palepale penye ufa."

"Na mfupa utaunga?" Felisita akauliza.

"Sijui, mama. Nimeona walioungwa, nimeona ambao hawakuungwa. Hata walioungwa siwezi kuapa kwamba ni hii iliyowaunga. Bado tunajifunza. Kwa hiyo sitawatoza ya matibabu, mtalipia sindano na vichupa tu." Akamgeukia Mayala. "Lakini kuna mambo mawili sitaki kubahatisha. Sigara uache. Na huo mguu usikanyage chini kabisa mpaka nikwambie."

"Mimi nakaa tu nyumbani, daktari," Mayala alisema.

Felisita akatazama dari. "Muulize siku za gulio anakaa nyumba gani."

Daktari akauliza. Ikajulikana kwamba miezi yote hiyo, kila siku ya gulio, Mayala alikuwa akijikongoja kwa fimbo hadi Lagangabilili, akikanyagia mguu mbovu penye mteremko ili asichelewe mazungumzo.

"Mazungumzo gani?" daktari akauliza.

"Siasa, na bei ya pamba," Mayala alisema. "Na mambo ya afya."

Muuguzi alikuwa dada mmoja mnene aitwaye Generoza. Alimfunga Mayala mpira juu ya kiwiko, akatafuta mshipa. Mayala, ili kuonyesha kwamba haogopi, akaanza kusimulia jinsi babu yake alivyopigana na fisi kwa mikono mitupu. Fisi alikuwa ameshashikwa masikio wakati damu ilipoanza kuingia kwenye bomba. Mayala akaitazama. Sentensi ikakatika katikati, macho yakapinduka juu, na kichwa kikamwangukia Generoza kifuani, ambako kilikaa kwa muda uliomlazimu Felisita kukiinua mwenyewe.

Alipozinduka vichupa vilikuwa vimeshatoka kwenye mashine. Akaonyeshwa kimoja. Chini nyekundu nzito, juu maji ya njano. Daktari akavuta ile njano na utando uliokuwa katikati, akamchoma ganzi, akaingiza sindano ndefu mpaka kwenye mfupa. Mayala alifumba macho wakati wote. Baadaye alisema hakufumba kwa woga, alikuwa anamwombea daktari.

*

Siku ya gulio iliyofuata Mayala alikuwa Lagangabilili. Hakutembea, alijitetea baadaye, alipanda mkokoteni wa mtu. Kutoka kwenye mkokoteni hadi kibanda cha chai ndipo alipotembea.

Alikuwa na hadithi mpya kabisa, na hadithi mpya ilimkaa vibaya tumboni kama chakula kilichozidi. Watu walipojaa akaanza. Habari ya fisi wa babu aliiruka. Kuzimia alikuruka pia.

"Wamenitoa damu nyekundu chupa tatu," alisema, akionyesha kwa mikono ukubwa wa chupa za soda. "Wakaziingiza kwenye mashine inayolia kama ya kusaga. Wakazungusha, wakazungusha. Mwishowe wananirudishia kijiko kimoja cha kitu cha njano, kama samli. Nikasema, daktari, hata wanunuzi wa pamba hawapunji hivi."

Watu walicheka mpaka mwenye kibanda akaacha kumimina chai. Mtu mmoja akauliza, "Na nyekundu ilienda wapi?"

Mayala hakuwa na habari nyekundu ilienda wapi. Lakini aliona kicheko cha pili kimekaa mlangoni kinabisha hodi.

"Siku hizi kila kitu kina mnunuzi," akasema. "Mimi hata sikulipishwa matibabu. Jiulizeni."

Wakacheka tena, isipokuwa Joakim. Joakim alikuwa jirani yake, mashamba yao yalipakana. Wakati wa mvua mtoto wake wa kiume aliugua malaria, akaishiwa damu. Walipomfikisha hospitali wakaambiwa jokofu la damu ni tupu, atafutwe ndugu wa kumtolea. Damu ya Joakim haikulingana na ya mtoto. Ndugu walioitwa walikuwa bado njiani, au walisema wako njiani, mtoto akafariki. Sasa Joakim alikuwa amesimama nje ya kibanda na mche wa sabuni mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kuaga.

*

Baraza la sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, liliitwa mbele ya ghala la ushirika. Mtemi wa sungusungu alikuwa Shigela, mzee mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, ambaye hakupenda kelele na kwa hiyo aliogopwa. Mayala aliletwa kwa mkokoteni, amenyoosha mguu mbele kama bunduki.

"Mayala ng'wana Luhende," Shigela alisema. "Ulisema sokoni umetolewa damu chupa tatu."

"Nilitia chumvi, mtemi."

"Chumvi kiasi gani?"

Mayala akafikiri. "Haikujaa kikombe cha chai."

"Sokoni chupa tatu, hapa kikombe. Ukifika nyumbani itakuwa kijiko."

Watu walicheka. Mayala alikuwa amezoea kicheko anachokitengeneza mwenyewe. Hiki kilitengenezwa na mtu mwingine, na kilipomfikia akaona hajui pa kukiweka.

Joakim akasimama. Hakupaza sauti.

"Mwanangu alikufa kwa kukosa hiyo nyekundu. Huyu anasema ilitolewa, akarudishiwa njano, na hakulipishwa. Mimi sina shida na mguu wake. Upone, usipone, ni wake. Nataka aniambie nyekundu ilienda wapi."

Watu wote walimgeukia Mayala, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya lori alikuwa na hadhira kubwa bila kuitafuta.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nimezimia."

Ilikuwa kweli tupu, na iliangusha baraza zima kwa kicheko. Hata Shigela alijifuta macho. Mayala akatazama huku na huku. Alikuwa amesema uongo miaka mingi akaaminiwa, na siku aliyosema ukweli ndiyo ilikuwa siku ya hukumu.

Felisita alikuwa upande wa wanawake. Alivumilia kadiri alivyoweza, akasimama. "Mimi sikuzimia. Nilikuwapo. Ilibaki kwenye vichupa, yule dada muuguzi akaimwaga kwenye ndoo ya taka."

Alidhani anamwokoa mume wake. Kicheko kilikoma mara moja, na mnong'ono ukapita kutoka mstari hadi mstari. Imemwagwa. Imetupwa kwenye ndoo. Joakim alimtazama Felisita kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake, akachukua kofia yake, akaondoka barazani.

Shigela alishauriana na wenzake kwa muda mfupi. Hukumu ikatoka. Nyumba ya Mayala imetengwa. Hakuna kuisalimia, hakuna kuipa moto wala chumvi, hakuna kuisagia mashineni, hakuna kuiuzia dukani, na kundi la kuvuna kwa zamu lisikanyage shambani kwake, mpaka ukweli wa damu ujulikane. Atakayevunja atatozwa ng'ombe.

Waliomleta kwa mkokoteni wakamshusha palepale. Hukumu ilikuwa imeshaanza kazi. Felisita alikwenda nyumbani, akawafunga ng'ombe wao, akarudi na mkokoteni wao kumchukua. Njia nzima alitembea mbele ya ng'ombe bila kugeuka.

*

Mwanzoni Mayala alilichukulia jambo hilo kama mapumziko. Alisema ametengwa na watu wanaomdai mazungumzo, afadhali apumzike. Kisha sigara zikaisha, na duka halikumuuzia. Siku ya gulio ikafika, hakuna mkokoteni uliosimama. Akataka kwenda kwa fimbo, lakini akaona hakuna faida ya kutembea mwendo wote ule kwenda kukaa kimya. Akakaa. Aliwasimulia kuku. Aliwasimulia ng'ombe wa kulimia, ambao walimsikiliza vizuri kuliko watu wa kibanda cha chai, ila walikuwa wazito wa kucheka.

Mguu ukakaa juu ya kigoda tangu asubuhi mpaka jioni, kwa kuwa mwenyewe hakuwa na mahali pa kuupeleka.

Kutengwa kwa Felisita kulikuwa kwa namna nyingine. Mayala alitengwa akiwa amekaa. Felisita alitengwa akiwa na kazi. Alipofika kisimani wanawake waliacha kuzungumza, wakachota, wakaondoka na ndoo zisizojaa ili wasisimame naye. Mahindi alisaga kwa jiwe, kama bibi yake alivyokuwa akisaga, mpaka mabega yakawaka moto. Na pamba ilikuwa imepasuka. Shamba lote lilikuwa jeupe, na kundi la zamu ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelivunia mwaka mzima uliopita lilipita kando ya shamba lake likiimba, likaenda kwa mtu mwingine. Alichuma peke yake. Maganda makavu ya pamba yalimchana vidole, na jioni alipokanda ugali alikanda kwa kiganja.

Siku moja alirudi akakuta Mayala ana hadithi. Alikuwa ameiandaa tangu asubuhi, kuhusu jogoo aliyejitenga na kuku wenzake. Alianza kwa sauti ya chini, akipandisha polepole, kama alivyofanya mambo yalipokuwa mazuri.

"Leo usinichekeshe," Felisita alisema.

Mayala akamwacha jogoo wake. Alimwona ameketi kizingitini akivuta kwa meno kipande cha ganda kilichoingia chini ya ukucha. Akataka kusema ampe mkono amtolee yeye. Lakini kwa miaka mingi alikuwa hajawahi kusema jambo bila kulifunga na mzaha, na wakati akitafuta namna ya kulisema tupu, Felisita alikuwa ameshaking'oa kile kipande.

"Siku ya daktari ni Jumatano," alisema Felisita. "Naenda kwa Joakim."

"Hataruhusiwa kukujibu."

"Siendi kujibiwa. Majibu ninayo mengi humu ndani."

*

Alisimama nje ya uzio wa minyaa wa Joakim. Joakim alikuwa uani akinoa jembe. Alimwona, akaendelea kunoa.

"Mwangaluka, baba," Felisita alisema. Hakuitikiwa. "Sijaja uniitikie. Mtoto wako nilimbeba mgongoni wakati mama yake alipokuwa na jipu, unajua. Nililia na mama yake na nitalia naye. Lakini mimi sijui nyekundu ilikuwa na thamani gani, na wewe hujui, na Mayala ndiye asiyejua kuliko wote. Jumatano twende Bariadi, ukaone kwa macho yako. Ukiona inauzwa, urudi useme barazani, nami nitafunga vyombo nirudi kwa wazazi wangu."

Jembe liliendelea kulia juu ya jiwe. Felisita akaondoka.

Jumatano walimkuta barabarani, amevaa shati lake la kanisani. Alipanda pikapu upande wa pili, akawapa mgongo mpaka Bariadi. Mayala alijaribu mara mbili kusema jambo kuhusu hali ya barabara, Felisita akamkanyaga mguu mzima.

Kliniki ilikuwa na mgonjwa mwingine, mama wa makamo kutoka Nassa aliyevunjika mkono, naye mfupa wake ulikuwa umekataa kuunga. Felisita alimweleza daktari kwa kifupi kwa nini wameongozana na jirani. Daktari Januarius alivua miwani, akamtazama Joakim, akamwomba yule mama ruhusa. Mama akasema aangalie tu, yeye hana cha kuficha mkononi.

Joakim alisimama karibu na ukuta, kofia ameishika kwa mikono miwili. Aliona damu ikitolewa. Aliona jinsi ilivyokuwa kidogo. Aliisikiliza mashine ikizunguka, na iliposimama akasogea. Daktari akamwekea kichupa mbele ya macho, akamwonyesha njano, utando, na nyekundu.

"Hii ndiyo inayobaki?" Joakim aliuliza.

"Ndiyo."

"Mnaimwaga."

"Tunaimwaga. Imeshaguswa, haifai kurudi kwa mtu."

"Ungempa mtoto anayekufa kwa kukosa damu?"

Daktari akampa kichupa akishike. "Hapana, baba. Ingekuwa nyingi kiasi cha kumfaa, ningempa hata kabla ya kuuliza jina lake. Lakini hii ni kidogo mno, na damu ya mtoto lazima ilingane, ipimwe magonjwa, iingie kwenye mfuko wake. Mtoto wako alihitaji mtu mzima akae kitini atoe mfuko. Hivi vichupa visingemwokoa."

"Kwa hiyo haikuwa hii."

"Haikuwa hii."

Joakim aliendelea kukitazama kichupa. Tangu msiba, kila usiku alikuwa amelala na swali lisilo na mtu, na siku ile gulioni lilikuwa limepata mtu. Mtu mwenyewe alikuwa na mguu mbovu na mdomo mrefu, alifaa kabisa kuchukiwa. Sasa ananyang'anywa. Akamrudishia daktari kichupa kwa uangalifu, kwa mikono miwili.

"Asante kwa kunionyesha," alisema, akatoka nje.

Picha ya Mayala ilipotoka, daktari aliipeleka dirishani, akaitisha ile ya zamani, akaziweka pamoja. Kati ya ncha mbili za mfupa, mahali ambapo palikuwa na mstari mweusi, sasa palikuwa na kitu cheupe kama ukungu.

"Umeanza kuunga," alisema. Alikuwa na furaha na hakuificha. "Umefanya nini?"

"Nimetengwa," Mayala alisema.

Daktari alidhani hakusikia. Felisita akamweleza yote. Kwamba hakwenda gulioni hata mara moja, kwamba duka halikumuuzia sigara, kwamba mguu ulikaa juu ya kigoda kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumsikiliza kokote kule. Daktari alikaa chini. Alicheka taratibu, kisha akaacha.

"Basi hapo ndipo ninapokwama," alisema. "Inawezekana ni damu. Inawezekana ni kukaa. Inawezekana ni vyote. Nikienda kwa wenzangu nikawaambia dawa ni kuwatenga wagonjwa na vijiji vyao, watanitenga mimi."

Akamfunga plasta nyingine, akampa magongo ya kupachika kwapani. Mayala alitaka kuuliza ni kipi hasa aende akakisimulie, damu au kukaa. Akamwona Joakim kupitia dirishani, amesimama juani wakati kivuli kilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, akaacha kuuliza.

*

Joakim alisema barazani maneno machache. Alisema ameona, ni kidogo kuliko walivyosema, haiuzwi, na mtoto wake asingepona kwa hiyo. Akaketi. Shigela akaifungua nyumba ya Mayala, watu wakaanza kusalimia kana kwamba walikuwa safarini.

Habari ya mfupa ilipojulikana, sungusungu waliipokea kwa fahari. Shigela mwenyewe, mtu wa maneno machache, alipita kwa Mayala akautazama mguu, akasema serikali ingewaachia sungusungu kazi nyingi zaidi mambo yangekwenda. Watu wa dini wakasema ni maombi. Mfungaji mifupa wa kijijini akakumbusha kwamba yeye ndiye aliyeugusa mguu kwanza. Wanawake wa kisimani walimletea Felisita michembe ya viazi na unga, wakamsifu mume wake kwa uvumilivu. Felisita alipokea michembe.

Pamba iliyobaki shambani ilikuwa imeanza kudondoka na kupata vumbi. Kundi la zamu lilisema litakuja wiki ijayo. Asubuhi moja Felisita alipofika shambani alimkuta Joakim ameshaanza mstari wa mwisho, ule unaopakana na kwake, mfuko umefungwa kiunoni. Felisita akashika mstari wake.

Mayala aliletwa kwa mkokoteni, akawekwa ukingoni juu ya gunia, kazi yake ikiwa kuchambua, safi upande huu, fifi, ile chafu, upande ule. Kazi hiyo huko kwao hufanywa na wazee na watoto. Alikuwa tayari na maneno matatu manne kuhusu hilo, mazuri, yaliyokuwa yakimcheza ulimini tangu alfajiri. Joakim alikuja kumwaga mfuko wake mbele yake. Hakurudi mara moja. Alichuchumaa, akaanza kuchambua naye, akitoa majani makavu kwa kucha.

"Mwaka huu angeanza shule," Joakim alisema.

Felisita alisikia kutoka mstarini. Aliacha kuchuma, mkono umebaki kwenye pamba, akingoja kile ambacho mume wake angekisema, kwa maana alimjua, na hakukuwa na jambo duniani ambalo Mayala hakuwa na la kuliongezea.

Mayala alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama pamba iliyokuwa mikononi mwake.

"Ndiyo," alisema.

Hakuongeza neno. Waliendelea kuchambua, safi huku, fifi kule, mpaka jua lilipokuwa kali na Felisita akawaita wasogee kivulini wanywe uji.